Nilivyokufa kwa Njaa Mbele ya Shemasi

Nilikufa kwa njaa siku ya Jumamosi, saa tisa kasoro robo alasiri, katika ukumbi wa chini wa kanisa letu la Hadlock, jimbo la Massachusetts, mbele ya watu mia mbili walioketi na wengine waliokosa viti. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Mchana huo nilikuwa nimekula sahani mbili za maharage ya kuokwa na pai ya tufaha yote isipokuwa ukingo wake. Kufa kwenyewe kulichukua dakika kumi na mbili, kwa sababu Mjomba Amasa alikuwa ameniandikia maneno mengi ya kusema kabla ya kukata roho, na mtoto mwenye adabu hafi kabla ya kumaliza aliyotumwa.

Kilichoniua ni ramu, na ramu hiyo ilinywewa na baba yangu. Hapo ndipo Hotuba aliyoitunga Mjomba na maisha yetu vilipokutana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba yangu, Lemuel Whitcomb, ni fundi viatu. Kwa miaka mitano alikuwa pia mlevi, jambo ambalo watu wa Hadlock hulitaja kwa sauti ya chini na kwa raha isiyofichika. Katika miaka hiyo aliwahi kumshonea mchungaji viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, na mchungaji, kwa upole wa Kikristo, akavivaa mpaka theluji ikayeyuka. Kisha Februari moja Mama alichukua kikapu chake kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine, akapanda kilima kwenda kwa kaka yake, Shemasi Amasa Fessenden. Baba alikaa siku tatu bila kugundua. Siku ya nne aligundua, na siku ya tano alisimama mbele ya Chama cha Maji Baridi, kofia mkononi, akaandika jina lake katika kitabu cha kiapo: hataonja ramu wala pombe ya tufaha wala kitu chochote cha jamii hiyo, hata tone, mpaka aingie kaburini.

"Mwaka mmoja, Baba Zilpha," Mama alimwambia kwenye uzio wa Mjomba. Zilpha ndiye mimi. "Ukimaliza mwaka, nitateremka na kikapu changu."

Baba akaushika mwaka kama mtu anayeshika yai. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama upande wake wa uzio, Mama akasimama upande wake, wakazungumza juu ya theluji. Sijapata kuona watu waliooana miaka kumi na saba wakiwa na mengi hivyo ya kusema juu ya theluji. Mimi wakati mwingi nilikuwa shule ya bweni, nikisomeshwa na Mjomba, mpaka nilipoombwa nirudi nyumbani kupumzika baada ya kengele ya alfajiri kukutwa imevishwa soksi tatu na kukosa sauti. Nilirudi kwa Mjomba mwaka wa Baba ukiwa umebakiza mwezi mmoja. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kulala tena katika chumba changu juu ya karakana, niwasikie wote wawili chini wakibishana ni nani aliyeacha mlango wazi.

Lakini Mjomba alikuwa ameandika mchezo.

Usiseme mchezo. Mjomba hajaona mchezo wa jukwaani maishani mwake, wala mtu mwingine yeyote wa kanisa letu, kwa kuwa sote tunajua kwamba jumba la maigizo lina mlango wa kuingilia mjini Boston na wa kutokea Jehanamu. Hii ilikuwa Hotuba ya Maadili kwa Njia ya Vitendo, katika Sehemu Tano. Jina lake lilikuwa "Chozi la Mwisho la Mtoto Asiye na Hatia, au, Baba, Iweke Chini Hiyo Chupa." Hakukuwa na pazia, ila shuka mbili za Shangazi Dorcas, mke wa Mjomba, zilizoitwa kizuizi cha upepo. Makofi yalikatazwa, aliyeguswa aliruhusiwa kuguna. Na ilipangwa mchana, jua likiwa madirishani, ili shetani asije akajisikia yuko kwake.

"Lemuel atakuwa mlevi," Mjomba alitangaza mezani.

"Ameacha, Kaka," alisema Mama.

"Katika Hotuba, Tirzah. Nani mwingine? Nikimpa Cyrus Bemis kazi hiyo, kesho watu wataanza kumnusa. Lemuel ameshanuswa. Mji mzima ulimwona akianguka. Sasa umwone akitubu. Watu wakiguswa, wakaja kutia saini, nitajua amegeuka kweli, na utashuka kilima na baraka yangu."

"Na wasipoguswa?"

"Basi tutasubiri mpaka waguswe."

Mama alirudisha macho kwenye sahani. Mtu aliyekula mwaka mzima mezani kwa Mjomba Amasa hana kauli ndefu.

Tatizo lilijulikana siku ya kwanza ya mazoezi: Baba hakujua kulewa. Alishika chupa ya chai baridi iliyowekwa mahali pa ramu, akainywa kidogo kama mtu aliyealikwa kwa mchungaji, akasema, "Ah. Ramu. Nimeangamia," kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Shemeji!" Mjomba alilipiga goti lake kwa karatasi. "Ulevi gani huo? Watu watadhani ramu ni dawa ya kikohozi. Yumba! Nguruma! Ona nyoka!"

"Nyoka wa namna gani, Shemeji?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekuwa mlevi?"

"Ni mimi, lakini sikumbuki," Baba alisema kwa unyenyekevu. "Ninyi mlikuwepo. Mimi sikuwepo."

Tukaendelea hivyo wiki tatu. Bi Philura Stebbins, mwalimu wa nyimbo, aliyemwigiza mke wa mlevi baada ya Mama kukataa katakata, alilia vizuri sana na kwa sauti ya kwanza. Mimi nilikufa kila jioni bila lawama. Lakini Baba alikuwa akiyumba kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe, akichagua pa kukanyaga, na alipotakiwa kuvunja kiti alikigeuza kwanza kuangalia kama miguu yake imegundishwa vizuri.

Ijumaa, baada ya zoezi la mwisho, Mjomba alimvuta pembeni. Nilikuwa bado nimelala chini nikiwa maiti, na hakuna anayejali maiti anasikia nini.

"Ukicheza hivi kesho, Lemuel, hatainuka hata mmoja. Nami simpeleki dada yangu kwa mtu ambaye toba yake haikumtoa mtu hata chozi."

"Kesho mwaka unatimia, Shemeji."

"Najua kuhesabu. Jitahidi."

Baba aliikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia vyombo, akatoka bila kuivaa, na nje kulikuwa na theluji.

Shuleni tumefundishwa kwamba binti anapaswa kuwasaidia wazazi wake kwa vipaji alivyopewa. Nikatafakari vipaji vyangu, nikaingia ghala la Shangazi Dorcas. Humo kulikuwa na gudulia la siki ya tufaha iliyolowekewa pilipili nyekundu tangu mavuno. Shangazi huitumia kwa achari ya kabichi, kijiko kimoja kwa pipa. Rangi yake ni ya ramu hasa. Nikaimwaga chai ya Hotuba, nikaijaza chupa mpaka shingoni.

Naapa kwamba nilikusudia funda moja. Karatasi ya Mjomba ilisema, "Mlevi anakunywa funda moja." Funda moja lingemtoa Baba machozi na kumyumbisha kwa heshima. Sikujua kwamba Jumamosi asubuhi Mjomba angemfuata na kumwambia, "Leo usionje kama ndege, Shemeji. Kunywa!" Wala sikujua kwamba Shangazi Dorcas, mtu pekee ambaye angeitambua siki yake hata gizani, angebaki nyumbani akiumwa jino.

Ukumbi ulijaa. Mama aliketi benchi la tatu, amevaa gauni lake jeusi, na chini ya benchi niliona kikapu. Alikuwa ameshafungasha. Kilemba chake cha kulalia kilichungulia ukingoni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliketi Orrin Tuttle, mwenye kilabu cha njia panda, aliyekuja kuona anasemwa vipi.

Sehemu ya kwanza na ya pili zilipita kwa miguno ya wastani. Sehemu ya tatu nilifika mlangoni pa kilabu, ambacho kilikuwa mlango wa kabati, nikiwa peku na shali iliyotobolewa kwa makusudi.

"Baba," nililia, "usininunulie viatu wala gauni! Ninunulie ganda la mkate!"

"Maskini," alisema bibi mmoja wa benchi la mbele, akinitazama mashavu. "Amevimba kwa njaa."

Nikafa. Nilifunikwa shuka mpaka kidevuni na kulazwa juu ya benchi katikati ya jukwaa. Bi Philura alilia beti mbili. Kushoto kwangu kulikuwa na meza na kiti. Kulia, juu ya kigoda kilichopambwa kwa matawi ya msonobari, ilikaa Ndoo ya Chama, imejaa maji safi ya kisima, alama ya kila tunachokiamini. Kwenye sehemu ya tano waliotubu wangenyunyiziwa maji yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla.

Baba akaingia sehemu ya nne. Nilimwona kupitia kope. Macho yake yalikuwa kwa Mama na kile kikapu, si kwangu mimi maiti.

"Mwanangu amekufa," alisema, kama mtu anayesoma tangazo. "Nifanye nini? Nitakunywa."

Akainua chupa, akafumba macho, akakumbuka agizo la Mjomba. Nilihesabu mafunda kwa kupanda na kushuka kwa kikoromeo chake. Yalikuwa matano.

Kwa muda hakikutokea kitu. Baba aliiweka chupa mezani polepole, kwa adabu. Kisha uso wake ukaanza kubadilika rangi kutoka shingoni kwenda juu, kama maji yanayopanda kwenye kisima. Macho yakamtoka. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka humo sijaisikia kwa mnyama wala kwa kinanda cha kanisa.

"Vizuri," Mjomba alinong'ona kutoka pembeni. "Vizuri sana, Lemuel."

Baba akashika meza, meza ikaanguka. Akashika kiti; mguu wa kiti, ule ule aliouhakiki, ukabaki mkononi mwake. Akazunguka akipiga hewa kwa mguu wa kiti, na kama hakuona nyoka, basi aliona ndugu zake. Akashika shali ya Bi Philura akajifutia ulimi. Bi Philura alilia, safari hii bila noti yoyote. Watu hawakuguna tena. Mabenchi yote yalikuwa yamesimama.

"Vizuri mno," alisema Mjomba. "Sasa, taratibu..."

Ndipo Baba akaiona Ndoo. Alivuka jukwaa kwa hatua tatu, akapiga magoti, akatumbukiza kichwa chote mpaka mabegani.

"Hilo sikuliandika," Mjomba alisema kwa sauti. Akageukia ukumbi, mkono kifuani. "Ndugu zangu, hilo mimi sikuliandika!"

Mapovu yalitoka ndooni.

"Amelewa!" Mjomba akapiga kelele. "Si vitendo tena! Amelewa kweli!"

Msiwacheke watu wa Hadlock. Hawajawahi kuona mtu akijifanya mwingine, isipokuwa wanaoomba kura. Wangejuaje kazi ya vitendo inaishia wapi? Ukumbi ukachafuka.

"Nilijua tu!"

"Na mwaka ndiyo kwanza unatimia leo!"

"Maskini Tirzah, mtazameni."

Nilimtazama. Mama alikuwa amesimama, mweupe kama shuka niliyojifunika, na kwa mguu wake alikuwa akikirudisha kikapu chini ya benchi, taratibu, ili watu wasikione. Mambo mengi nimeyafanya bila kujuta. Kile kikapu kilinichoma kuliko pilipili.

Mjomba alikuwa ameshafungua kitabu cha kiapo na kuchovya kalamu. Nikaona nifufuke.

Niliketi juu ya benchi na shuka yangu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, mwingine akaanguka juu ya mumewe, na mzee Cyrus Bemis, ambaye huwa anasinzia, alizinduka akasema "Amina!"

"Mjomba, usimfute! Ni siki! Nimeitia mimi!"

"Zilpha, lala chini," alisema Mjomba. "Wewe umekufa."

"Ni siki ya Shangazi na pilipili yake! Baba hana kosa!"

"Umekufa, na hata ulipokuwa hai hukusema kweli. Nani aliivisha kengele soksi? Nani alimpa mchungaji chumvi kwenye chai, akasema ni sukari mpya ya Boston? Mtoto anamtetea baba yake, ndugu zangu. Inasikitisha, na inapaswa kusamehewa, lakini haipaswi kusadikiwa."

Hapo nilijifunza kwamba mzaha ni kama kiatu: ukishajulikana kuwa ni wako, watu wanajua ni wewe hata ukija kwa nia njema.

"Basi onjeni wenyewe!" nikasema.

Mjomba aliitazama chupa. Shemasi mwenzake aliitazama dari. Nikaelewa tuko wapi. Wengi mle ndani walikuwa wametia saini kitabu kile, na wasiotia hawakutaka kuonekana wanaijua ladha ya pombe. Kama kilichomo ni pombe, atakayeonja amevunja kiapo au amejifichua mbele ya mashahidi mia mbili. Kama ni siki, hakuna atakayejua mpaka mtu aonje. Ukumbi mzima wa watu wema, na hakuna hata mmoja mwenye ulimi wa kutolea ushahidi.

"Inuseni basi," alisema mtu.

Chupa ikapitishwa kwa ncha za vidole. Mzee Cyrus aliisogeza puani, akavuta pumzi moja ndefu mno, akasema, "Ina harufu ya tufaha. Ya zamani. Iliyokaa kwenye mwaloni."

"Na wewe, Ndugu Cyrus, harufu hiyo umeijulia wapi?" Mjomba akauliza.

Mzee Cyrus akawa mwekundu. "Nimesimuliwa," akasema, akaipitisha upesi. Baada ya hapo kila aliyepokea chupa aliizuia pumzi, na wote wakashuhudia kwa dhati kwamba haina harufu yoyote.

"Nileteeni mimi!" Orrin Tuttle akaita kutoka nyuma. "Mimi sina saini popote."

Hakuna aliyempa, alikuja akaichukua. Akadondoshea tone kwenye kidole, akalamba. Jicho moja likafumba lenyewe, akasimama hivyo kidogo.

"Ni siki," akasema alipoweza. "Ningekuwa nauza kitu hiki, mabwana, msingehitaji chama."

"Neno la muuza ramu!" alisema Mjomba. "Anamtetea mteja wake."

"Mteja gani, Shemasi? Mwaka mzima hajakanyaga kwangu. Kama ningetaka kusema uongo, si ningesema amelewa, ili kesho arudi?"

Ilikuwa hoja nzuri, nami nadhani ndiyo sababu haikupendwa. Mjomba alisema ushahidi wa kilabu haupokelewi katika nyumba ya Bwana, akaweka ncha ya kalamu kwenye jina la Baba.

"Kaka."

Mama alikuwa amepanda jukwaani. Sijui alipitia wapi.

"Kaka Amasa, umeandika karatasi arobaini juu ya mlevi na mkewe. Mimi nakaa chumba kinachofuata. Mbona hujaniuliza hata neno moja?"

"Dada, nilitaka kukusitiri."

"Umeandika mtu anayenguruma, anayevunja viti, anayempiga mkewe. Lemuel hajawahi kuvunja kiti." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile anayoagizia unga, na ukumbi mzima ukainama mbele ili usikie. "Lemuel akilewa ni mpole. Anavua viatu mlangoni na kuvipanga sambamba. Anaketi, ananishika mkono, ananiahidi ng'ombe. Mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Miaka mitano nimeahidiwa ng'ombe yule. Baridi imeingia, kuni hazijapasuliwa, mtoto anakohoa, naye ananieleza siagi yake itakavyokuwa nzuri. Angenipiga ningeondoka mwaka wa kwanza. Niliondoka siku niliyojikuta jikoni, peke yangu, namtafutia yule ng'ombe jina."

Wanawake wawili watatu waligeuka kuwatazama waume zao, na waume hao wakaanza kuchunguza kofia zao.

"Sasa huyu hapa," Mama akamwonyesha Baba, ambaye alikuwa ametoka ndooni na kuketi sakafuni akichuruzika maji, "amepiga kelele, amevunja kiti cha watu, ametumbukiza kichwa ndooni. Kwa ninavyomjua mimi, Kaka, ni mzima kabisa."

Akaichukua chupa mkononi mwa Tuttle.

"Tirzah!" Mjomba aliidondosha kalamu. "Na wewe umetia saini! Kama ni pombe..."

"Kama ni pombe, tutakuwa wawili, na kikapu changu kitabaki kwako."

Baba alijaribu kusema. Haikutoka sauti. Akatikisa kichwa kwa nguvu, maji yakaruka, akajitupa mbele na kuishika chupa ili kumnyang'anya.

"Mnaona?" Mjomba alisema. "Anamzuia! Anajua kilichomo!"

Kwa kweli alijua kilichomo. Alikuwa mtu pekee pale aliyejua kwa undani. Mama alimtazama usoni, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kufa kwangu kote, kisha akauondoa mkono wa Baba kwenye chupa, kidole kimoja kimoja, akanywa.

Mama yangu ni mwanamke anayepiga chafya ndani ya leso iliyokunjwa mara nne. Aliiweka chupa chini. Alisawazisha gauni. Rangi ilianza kupanda kutoka kwenye kola.

"Mungu wangu," alisema Mjomba. "Na huyu naye."

Mama alitembea mpaka kwenye Ndoo ya Chama, akapiga magoti, na Baba akamsogezea nafasi.

Walipoinua vichwa walikuwa wameshikana mabega, maji yakiwadondoka puani, wakilia wote wawili, na hakuna mtu mle ndani aliyeweza kusema ni kiasi gani cha machozi yale kilikuwa cha pilipili. Mama alivuta pumzi.

"Siki," akasema, kwa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta. "Siki, Amasa. Funga kitabu."

Mjomba akakifunga. Halafu akakumbuka kwamba ni katika sehemu ya tano ndipo kinapaswa kufunguliwa, akakifungua tena, lakini kwa upande wa karatasi tupu. Hakupata nafasi ya kusoma hotuba ya toba, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kupanga mstari. Sitini na watatu walitia saini alasiri ile, wengi wao wanaume walioletwa mbele kwa kuvutwa mkono wa koti. Mzee Cyrus alitia mara ya pili, kwa usalama. Orrin Tuttle hakutia, lakini aliondoka bila kusalimia mtu. Mjomba husema mpaka leo kwamba ni Sehemu ya Nne iliyowagusa, na kwamba aliiandika usiku mmoja bila kufuta neno.

Mama alikwenda benchi la tatu, akavuta kikapu, akasimama mlangoni. Mjomba alimtazama, akamtazama Baba, akaitazama ile orodha ya majina sitini na matatu.

"Nenda, Dada," akasema. "Lakini chupa ile mniachie. Dorcas ataniuliza."

Tuliteremka kilima watu watatu, nywele za wazazi wangu zikiganda barafu njiani. Baba alibeba kikapu. Mimi nilibeba shuka, kwa kuwa nilisahau kuivua. Hakuna aliyesema neno, na kwa muda nilidhani ni kwa sababu ya hisia.

Haikuwa hisia. Koo zao zilikuwa zimeungua. Siku mbili nyumba yetu ilikaa kimya, Baba upande mmoja wa jiko na Mama upande mwingine, wakizungumza kwa vidole na nyusi. Waliweza hata kubishana hivyo. Nilishuhudia ubishi mrefu juu ya mlango, wote kwa nyusi, na Mama akashinda. Nyumba nzima mwenye sauti nilikuwa mimi peke yangu, na kwa ishara moja fupi ya kidole nilikuwa nimekatazwa kuitumia.

Jumatatu baada ya chakula Mama alikohoa, akajaribu koo lake, akaona limerudi.

"Zilpha," akasema.

Nikatoka mbio kupitia mlango wa nyuma.